Mashine Haijui Jina la Nyanya Yako

Hii ni hotuba niliyoitoa katika ukumbi wa Kaloleni, hapa Nairobi, mbele ya wakazi wa mitaa ya Eastlands na wanafunzi wa chuo chetu. Wengi ambao hawakuweza kufika wameniomba niiandike. Nimeiacha kama nilivyoisema, ila picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani hazimo.

Wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, viongozi wa mtaa, vijana mliosimama kule nyuma baada ya viti kwisha, na nyinyi wanafunzi wangu mlioambiwa saa nne mkafika saa tano: hamjambo?

Ahsanteni sana. Karibuni.

Mimi ni mkutubi. Kazi yangu ni kutunza karatasi za watu ambao wengi wao wameshatangulia, ili walio hai wazisome. Siku hizi kazi hiyo ina mashine. Tunazipiga picha nyaraka za zamani, magazeti, barua, ramani, picha za mitaa, tunaziingiza kwenye kompyuta, na mtu aliyeko Lodwar au Kwale anazisoma kwa simu yake bila kupanda basi. Nimealikwa nizungumze juu ya mashine hiyo. Nitaifikia, lakini kwanza nina swali.

Nani kati yenu anajua kilichotokea ndani ya ukumbi huu tarehe 23 Aprili 1950?

Naona mikono mitatu. Yote ya wenye mvi. Vijana, mmefanya harusi humu, mmechangisha pesa za matanga humu, na hamjui mmesimama wapi?

Basi nisikilizeni. Mwaka ule Nairobi ilikuwa ndiyo kwanza imetangazwa kuwa jiji. Hati ya mfalme wa Uingereza ilitolewa tarehe 30 Machi, pakawa na sherehe, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakawaambia watu wao wasishiriki. Wiki chache baadaye chama cha Kenya African Union na kile cha Wahindi, East African Indian National Congress, vikaitisha mkutano wa pamoja hapa Kaloleni. Akasimama Makhan Singh, Mpunjabi aliyeletwa Nairobi akiwa kijana mwaka 1927, akataka Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Hakusema baada ya miaka hamsini. Hakusema hatua kwa hatua. Alitaka wakati ule ule. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai, kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, wakakamatwa, wafanyakazi wa jiji wakagoma, na Makhan Singh hakurudi kuwa mtu huru hadi Oktoba 1961. Pigeni hesabu wenyewe. Ni zaidi ya miaka 11.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kama mkutubi. Makhan Singh alikuwa hatupi karatasi. Baba yake alikuwa na matbaa, yeye mwenyewe alifanya kazi humo, na tangu mwaka 1935 alipoanza kuwapanga wafanyakazi katika chama alijua thamani ya kitu kilichoandikwa. Notisi ya mkutano, aliiweka. Karatasi ya kugawa barabarani, aliiweka. Kumbukumbu za kikao, aliziweka. Mwaka 1937 wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa muda wa miezi miwili, na mtu akitaka leo kujua walidai nini hasa, hana budi kupitia kwa mtu huyo mmoja. Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Nairobi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na makarani, makabati na askari wa kulinda makabati, lakini kuhusu wafanyakazi wa mji huu, mimi nikiambiwa nichague sanduku moja la kuokoa, nitachagua la yule mwana wa matbaa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuisema methali hiyo kwa pesa za chama na duka. Mimi naisema kwa mitaa yetu.

Maana jiulizeni: daftari la Nairobi limeandikwa na nani? Ukifungua ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya na mikoa wa zamani, utakuta kodi iliyokusanywa, mvua iliyonyesha, ng'ombe waliokufa, chifu aliyesifiwa na chifu aliyefutwa. Utawakuta babu zako kama idadi. Bibi zako huenda usiwakute kabisa.

Wanafunzi, mnapita kila siku Barabara ya Harry Thuku kuelekea madarasani. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika karibu na hapo, nje ya kituo cha polisi, kudai Thuku, mwanasiasa aliyekuwa amekamatwa na wakoloni, aachiliwe. Wanaume waliotumwa kuzungumza na serikali wakarudi wakasema watu watawanyike. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, akawakemea, akawatia aibu hadharani, na umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, yeye akiwa miongoni mwa wa kwanza. Serikali ilihesabu maiti. Lakini alichokifanya Nyanjiru tumekipata kwa midomo ya watu waliokuwepo, waliokisimulia miaka mingi baadaye, na kwa nyimbo za wanawake wenzake. Kama wale wangenyamaza, je, mngelijua jina lake?

Na hata lile daftari la serikali, si lote tuliloachiwa. Siku chache kabla ya Uhuru, Desemba 1963, makasha ya faili yalipakiwa kwenye ndege hapa Nairobi yakapelekwa Uingereza. Faili nyingine zilichomwa moto kabisa. Kenya iliomba zile zilizochukuliwa zirudishwe, ikanyimwa. Zilikaa karibu miaka hamsini mikononi mwa serikali yao, mwishowe katika jengo lake paitwapo Hanslope Park, nje ya orodha ambayo mtafiti wa kawaida angeweza kuiona.

Kilichozitoa ni nini? Ni wazee. Wakenya waliokuwa wameteswa katika kambi za wakati wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza huko huko London, wakiwa na zaidi ya miaka sabini na themanini. Wanahistoria wakaeleza mahakama kwamba kuna karatasi ambazo hazijaonekana. Mwaka 2011 serikali ile ikakiri kwamba inazo: faili karibu 1,500 zinazohusu Kenya, pamoja na maelfu ya nyingine kutoka makoloni yao mengine. Juni 2013 ikatangazwa fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na mnara mkauona ukisimamishwa pale Uhuru Park mwaka 2015.

Wazee wale walikuwa na makovu miilini. Makovu peke yake hayakutosha. Wakili wa upande wa pili huuliza: karatasi iko wapi?

Sasa mtasema, mkutubi, hayo ni ya Wazungu kuficha. Ni kweli. Lakini kuna mengine ambayo hayakufichwa, yalinakiliwa tu kwa utaratibu. Miaka ya sitini Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kilijipatia nakala za mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo sana za kurasa, za sehemu kubwa ya nyaraka zetu za kitaifa, zile zile ripoti za wilaya na mikoa nilizozitaja. Si wizi, na asili zilibaki hapa. Ila matokeo yake, kwa miaka mingi mwanafunzi wa New York aliisoma ripoti ya Kitui akiwa amekaa kwenye kiti chake, na mwanafunzi wa Kitui ilimbidi atafute nauli ya kuja Nairobi, alale kwa shangazi, apange foleni ya kuomba faili. Hapo ndipo mimi huona faida halisi ya hii kazi ya dijitali, na sioni haya kuisifu. Mtoto wa Kitui asome ripoti ya Kitui akiwa Kitui.

Tena nyinyi watu wa Nairobi msicheke. Nyote mnaambiana "tukutane Archives." Wangapi mmewahi kukutana pale nje, mkitazamana na sanamu ya Tom Mboya? Inueni mikono. Naam, ukumbi mzima. Wangapi mmeingia ndani? Haya, shusheni. Ndani mle, katika jengo la nyaraka za taifa ambalo zamani lilikuwa la benki, kuna maelfu ya vitabu na kazi za sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, mtu wa pili kuwa makamu wa rais wa nchi hii, na kuna faili ambazo sheria inamruhusu raia kuzisoma zikishapita miaka 30. Ingieni siku moja. Mvua ikinyesha ni pakavu kuliko pale nje mnapongojeana.

Sasa nije kwenye mashine.

Mashine yetu ni kamera mbili juu ya kitanda cha mbao chenye umbo la kitabu kilichofunguliwa nusu, ili mgongo wa kitabu usivunjike. Unaweka kitabu, unashusha kioo, unabonyeza, unainua kioo, unageuza ukurasa. Basi. Kijana wa mwaka wa kwanza huimudu asubuhi moja, na kufikia saa saba ameshapiga gazeti la miezi kadhaa. Watu wengi hudhani hapo kazi imekwisha. Hapo hata haijaanza. Kilichopo ni picha elfu moja zisizo na majina, kila moja ikiitwa namba.

Niwaambie juu ya picha moja. Ilitufikia ndani ya bahasha pamoja na nyingine, na nyuma yake aliyeipiga alikuwa ameandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "kundi la Waafrika, Nairobi, miaka ya hamsini". Wanawake sita wamesimama mbele ya nyumba ya matofali. Mmoja ameshika debe. Tungeweza kuiingiza mtandaoni na maneno yale yale, na ingekaa humo hadi mwisho wa dunia ikiwa "kundi la Waafrika". Nani angeitafuta?

Tukawaita akina mama watatu wa Makadara waje kuitazama. Nilidhani watatazama nyuso. Mmoja wao hakuzijali nyuso kabisa. Alivaa miwani, akaisogeza picha dirishani, akaweka kidole kwenye leso ya yule wa pili kutoka kushoto. Akasema, "Hii si ya hamsini. Hii leso ilitoka mwaka wa Uhuru. Mama yangu alikuwa na jozi yake, akaikata moja akanibebea ndugu yangu." Kisha akaanza kuhesabu nyumba kwa kidole, mlango wa kwanza, mlango wa pili, akatuambia bomba la maji lilikuwa upande upi, na kwa nini debe lile lina mpini wa mti: fundi aliyekuwa akiyatengeneza alikaa karibu na reli. Mwenzake akadakia kwamba yule aliyegeuza uso alikuwa akiuza mandazi, na kwamba hakupenda kupigwa picha hata siku moja. Wakabishana jina lake nusu saa. Walipokubaliana, tukaliandika.

Mashine haijui leso hiyo ilitoka lini. Mashine haijui bomba lilikuwa upande upi. Mashine haijui jina la nyanya yako. Inajua mwanga na giza tu, na vyote viwili inavipiga picha nzuri sana.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo hilo. Mwanafunzi mmoja alinijia amekata tamaa. Alitaka kuandika juu ya Jogoo Road wakati wa ukoloni. Ametafuta kwenye hazina yetu ya kidijitali, hakuna kitu, akahitimisha kwamba wakoloni hawakuandika lolote kuhusu barabara hiyo. Wazee mnacheka kwa sababu mnajua. Barabara hiyo hapo nje iliitwa Doonholm Road. Tom Mboya Street ilikuwa Victoria Street. Moi Avenue ilikuwa Government Road. Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street. Kila jina lilipobadilishwa, na ilikuwa haki libadilishwe, nyaraka zote za nyuma zilibaki upande wa pili wa ukuta. Ili mtoto wa leo azipate, lazima mtu aketi, afungue waraka mmoja baada ya mwingine, na aandike: hapa panapotajwa ndipo panapoitwa hivi sasa. Kazi hiyo haina kelele, haipigwi picha ya gazeti, na wafadhili hawaipendi kwa sababu haionekani kwenye uzinduzi. Kwa maoni yangu ndiyo kazi yenyewe.

Programu za kusoma maandishi kutoka kwenye picha zipo, nazo hutusaidia. Kwenye Kiingereza kilichopigwa chapa husoma vizuri. Kwenye gazeti la Kiswahili kama Baraza, lililoanza mwaka 1939, husoma kwa kubahatisha: wino umefifia, safu zimebanana, na programu ikikutana na neno la Kiswahili isilolijua hulisahihisha liwe Kiingereza. Ukija kwenye Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama nyaraka nyingi za pwani, inahitaji mtu. Ikifika kwenye mwandiko wa mkono wa karani aliyekuwa na haraka mwaka 1931, hata mimi nahitaji mtu.

Nimesikia pia watu wakisema: ikishaingia kwenye kompyuta imepona. Hapana, jamani. Hapana.

Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulianza kwenye mlima ule wa Cape Town, upepo ukaubeba hadi chuo kikuu, ukaingia maktaba ya Jagger. Chumba cha kusomea kikateketea, na pamoja nacho sehemu kubwa ya mkusanyo wa vitabu na filamu za mambo ya Afrika, maelfu kwa maelfu, vingine vikiwa havipatikani tena popote. Milango ya chuma ya kuzuia moto ikashuka ikaokoa maghala ya chini. Lakini maji ya wazima moto yakashuka yakajaa huko huko chini. Mamia ya watu wa kujitolea wakaja, wakapanga mstari, wakatoa makreti ya karatasi zilizolowa, kreti moja baada ya nyingine. Kilichokuwa kimepigwa picha kabla ya siku hiyo kilibaki, angalau kwa sura yake. Mtu anayesema dijitali ni anasa ya Wazungu nimpeleke akaone kuta za Jagger.

Vizuri. Sasa geuzeni upande wa pili. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, moja ya maktaba kubwa kuliko zote duniani, ilivamiwa na wahalifu wa mtandao. Hapakuwa na moto wala maji. Wakafunga kompyuta zake, wakadai fidia, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi. Ndani ya hazina zake za mtandaoni kulikuwa na mikusanyo kutoka duniani kote iliyo hatarini kupotea, ikiwemo miswada ya msikiti wa Riyadha wa Lamu. Uzuri ni kwamba mradi wa kuipiga picha mikusanyo hiyo una masharti mawili ambayo mimi nayapenda: asili haitoki nchini mwake, na nakala ya dijitali huachwa kwa wenyewe. Nani alikuwa na kitu cha kusoma siku mtandao wa London ulipozimika? Yule aliyekuwa na nakala nyumbani kwake.

Kwa hiyo karatasi inaweza kuungua, na kompyuta inaweza kufungwa. Tunachofanya ni kuweka nakala zaidi ya moja, katika sehemu zaidi ya moja, na moja kati yake iwe haijaunganishwa na mtandao wowote. Na karatasi yenyewe hatuitupi. Kuna ofisi fulani hapa mjini, siitaji, iliyoskani faili zake zote, ikauza karatasi kwa kilo kwa wafungaji nyama, kisha diski ikaharibika. Nadhani mmeelewa.

Kabla sijaingia humu, mzee mmoja alinisimamisha mlangoni. Akaniuliza, "Mwanangu, hizi picha zetu mtaenda kuziuza wapi?" Mzee, shikamoo tena. Swali lako ni la haki na nitalijibu mbele ya wote.

Najua linatoka wapi. Kuna mama wa mtaa jirani aliyemkopesha mtafiti mmoja albamu ya familia. Mtafiti alipewa chai, akapewa chakula, akaahidi wiki mbili. Albamu haijarudi. Mama yule alipotuona sisi na mashine yetu alifunga mlango, na mimi simlaumu.

Kwetu mambo yako hivi. Karatasi yako haitoki mbele ya macho yako. Tunaipiga picha wewe ukiwa umeketi hapo, unaiweka tena kwenye mfuko wako, unaondoka nayo. Unasaini fomu ya Kiswahili, si ya Kiingereza, inayosema mali ni yako na maktaba imeruhusiwa kuionyesha kwa kusoma na kujifunza. Unapewa nakala yako kwenye simu. Ukibadili nia baada ya mwezi, tunaiondoa.

Na si kila kitu kitawekwa wazi. Hili nalisema kwa wanafunzi hasa, maana nyinyi mnapenda kila kitu kiwe mtandaoni leo. Katika faili za miaka ya hamsini kuna majina ya watu waliokula kiapo cha Mau Mau, na majina ya waliowataja. Kuna mtu alimtaja jirani yake kwa sababu ya kipigo, na wajukuu wa wote wawili wanaishi leo mlango kwa mlango, labda wanachezea timu moja hapo City Stadium. Je, mimi nina haki ya kubonyeza kitufe na kuwatumia wote kwenye simu? Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inawalinda walio hai. Waliokufa hawana wa kuwasemea isipokuwa sisi. Faili za namna hiyo tunazihifadhi, tunaziorodhesha, na mtu akitaka kuzisoma anakuja, anaketi, anaeleza anatafuta nini. Familia ikitaka kuona jina lake, tunaketi nayo faraghani kwanza. Kuna wenzangu wanaoniambia huo ni ukale. Sawa, na wauite ukale.

Basi nimalizie na mambo ya mkono, kwa sababu naona akina mama wameanza kutazama saa.

Ukiwa na picha za zamani nyumbani, usizipeleke kwenye duka la laminesheni. Plastiki ile ikishashikana na picha kwa moto, haitoki tena. Usiunge karatasi iliyochanika kwa selotepu. Baada ya miaka michache gundi huwa ya kahawia na hula wino. Usiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, tumia penseli laini, bonyeza kidogo, andika pembeni. Ukiwa na mikanda ya filamu inayonuka siki, itoe kwenye sanduku leo usiku na uitenge na mingine, maana imeanza kuoza. Nyumba ya mabati hupata joto mchana na ubaridi usiku: usiweke sanduku juu kabisa chini ya paa, wala chini kabisa sakafuni panapoingia maji. Weka katikati. Na mchwa mnawajua kuliko mimi.

Vijana, nyinyi nawapa kazi moja. Leo jioni mchukueni mzee wenu mmoja, mwonyesheni picha moja, wekeni simu irekodi, kisha mnyamaze. Msimkatize. Msimsahihishe tarehe. Mwulizeni tu: huyu ni nani, hapa ni wapi, na huyu aliyekatwa nusu pembeni ni nani? Mwanzoni mwa rekodi tajeni jina lake, mtaa na tarehe ya leo, kwa sababu sauti isiyo na jina huwa mzigo kwetu sawa na picha isiyo na jina.

Jumamosi tutarudi hapa hapa ukumbini na mashine, kuanzia saa tatu asubuhi. Leteni vipande vya zamani, vile vitambulisho vya enzi ya ukoloni, kadi za chama, risiti za kodi ya nyumba, barua kutoka ushago, picha za harusi, vitabu vya kikundi cha akina mama. Msichague nyinyi kipi ni cha maana, leteni tu. Picha zilizogandana msizibandue, njooni nazo hivyo hivyo. Na asiye na karatasi hata moja aje pia, mradi ana macho na kumbukumbu: tutabandika ukutani picha ambazo hazijapata majina, na tutakuwa na penseli za kutosha. Chai itakuwepo. Mandazi sitaahidi, bajeti ya maktaba mnaijua.